Vyombo vya Ibada na Mahali Pake

Katika vitabu vingi vinavyosomwa na vijana wetu, vyombo vya ibada vya watu wa zamani hutajwa katika sura moja pamoja na vyungu, mikuki na shanga, na sura hiyo aghalabu huitwa "sanaa za kale." Kwa nje jina hili ni la heshima. Hata hivyo limebeba hukumu mbili ambazo kesi yake haikusikilizwa. Hukumu ya kwanza ni kwamba vitu hivyo vilifanywa ili vitazamwe. Ya pili ni kwamba wakati wake umekwisha kupita. Nia yangu katika insha hii ni kuzipima hukumu hizo kwa vitu vinavyojulikana katika nchi ya Kenya, na hasa kwa mambo yanayoonekana hata leo katika mitaa miwili ya Nairobi, Kibera na Kawangware, ambako wageni wengi hawatarajii kukuta chochote kitakatifu.

Tuanze pwani, maana ushahidi ulio wazi zaidi hutoka huko. Kigango ni nguzo ya mti mgumu, nyembamba mfano wa ubao, yenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichochongwa pembe tatu ndogo ndogo zilizopangwa kwa safu. Wagiriama, ambao ni miongoni mwa Mijikenda, huisimamisha nguzo hii kwa ajili ya mzee aliyekuwa katika chama cha Gohu. Mtu wa kawaida hupata nguzo ndogo iitwayo koma. Kigango hakisimamishwi siku ya maziko. Husimamishwa baadaye, pengine baada ya miaka mingi, marehemu anapowatokea jamaa zake katika ndoto, au maradhi yanapoingia nyumbani na mganga akasema kuwa mzee analalamika kwa kusahauliwa. Hapo fundi huitwa, mti hukatwa, nguzo husimamishwa, vitambaa hufungwa juu yake na tembo la mnazi humiminwa chini. Tangu siku hiyo nguzo haiondolewi. Wenyewe wakihamia mahali pengine, huiacha pale pale isimame, iliwe na mchwa, irudi udongoni.

Msomaji alizingatie jambo hili la mchwa. Kigango kikichukuliwa hadi katika jumba la makumbusho hutiwa dawa ya wadudu, huwekwa katika hewa iliyopimwa na kumulikwa kwa taa. Mtunzaji wa jumba hufanya kazi hiyo kwa uaminifu, na pengine kwa mapenzi. Lakini amekinyima kitu hicho mwisho wake. Mafundi waliokichonga walijua kuwa mti huoza, na kuoza kwake kulikuwa sehemu ya maana yake, kama vile huzuni ya mfiwa inavyopungua mwaka baada ya mwaka hadi marehemu akawa babu tu miongoni mwa mababu. Sikatai kwamba zile pembe tatu ni nzuri, wala sisemi kuwa Mgiriama hauoni uzuri wake. Nasema kwamba mhakiki anayeanza na uzuri wa mchoro, akaishia hapo, amesoma jalada la kitabu akadhani amekisoma kitabu.

Kosa la namna hiyo halikubaki katika vitabu. Lilizaa biashara. Mara vigango vilipoanza kuitwa sanaa, vilipata bei; na vilipopata bei, vijana wasio na kazi walianza kuving'oa usiku na kuviuza kwa wafanyaji biashara, nao wakavipeleka ng'ambo. Mwaka 1985 mtaalamu wa mila za watu, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa amesimama mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Haukupita muda mrefu vyote viwili vikaibwa. Miaka mingi baadaye vilionekana Marekani, kimoja katika makumbusho ya chuo kikuu katika jimbo la Illinois, na cha pili katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton huko Virginia. Kilichoviumbua ni ile picha. Kimoja kilirudishwa mwaka 2006, cha pili mwaka 2007, na mzee aliyevisimamisha alikuwa amekwisha kufariki. Hapo ndipo palipo uzito wa neno "sanaa" likitumiwa bila ya uangalifu: watu wa makumbusho yale walikuwa wakiutazama umahiri wa mchongaji, na huku wamemshika mateka ndugu ya mtu.

Kuna ngoma pia. Wapokomo wa Mto Tana walikuwa na ngoma kubwa iitwayo ngadji, iliyotunzwa na wazee wa baraza lao mahali pa siri. Haikuonwa na kila mtu. Ilisikiwa tu, na sauti yake ndiyo iliyowakusanya watu. Maofisa wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na tangu mwaka 1908 imo katika British Museum mjini London. Ajabu yake ni kwamba huko nako haionwi na watu, kwa kuwa imewekwa ghalani. Mtu mwepesi wa maneno angeweza kusema kuwa mila ya kuificha imehifadhiwa. Lakini ngoma iliyofichwa ikasikiwa na ngoma iliyofichwa ikanyamaza ni vitu viwili mbalimbali.

Fimbo za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa kwa hila tarehe 19 Oktoba 1905, zilipata bahati iliyo njema zaidi. Zilirudishwa mwaka 2006 na mtoto wa ofisa yule yule aliyempiga risasi, na zikapelekwa kwa Wanandi.

Sasa tuje Nairobi. Kuanzia Machi hadi Mei mwaka 2021 Jumba la Makumbusho la Nairobi lilikuwa na onyesho lililoitwa "Invisible Inventories," yaani orodha zisizoonekana. Lilitayarishwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wasanii wa Kenya, wasanii wa Ulaya, na makumbusho mawili ya Ujerumani, ya Cologne na Frankfurt. Watayarishaji walikuwa wamekusanya orodha ya vitu vya Kenya vilivyo katika taasisi 30 za ng'ambo, na hesabu yake ikapita 32,000. Ndani ya ukumbi waliweka kabati za kioo tupu. Mtazamaji alisimama mbele ya kioo akajiona mwenyewe.

Onyesho hilo lilistahili sifa, na sifa yenyewe ni ya ufundi. Kabati tupu ni hoja fupi kuliko hotuba. Lilimfanya mwanafunzi aliyeletwa pale na mwalimu wake aulize swali ambalo kabati iliyojaa haimfanyi aulize: kilichokuwa hapa ki wapi, na nani alikitoa? Lakini nina mashaka mawili juu yake.

Shaka ya kwanza ni ile hesabu. Katika orodha, mtego wa samaki ni kitu kimoja, na kitu kilichowekwa wakfu ni kitu kimoja. Mtego aliutengeneza mvuvi, na kesho angetengeneza mwingine. Kitu cha wakfu hakina mwenziwe. Orodha isiyotofautisha haya imeazima macho ya wale wale waliovikusanya, kwa maana wao ndio waliovipa vyote nambari za namna moja. Najua kuwa hesabu huwashitua wakubwa wa serikali na magazeti, na pengine ndiyo sababu ilitangulizwa. Hata hivyo mhakiki ana haki ya kudai mizani, si kapu tu.

Shaka ya pili ni kubwa zaidi. Kijana wa Kibera aliyetembea saa mbili kwa miguu hadi kwenye jumba lile angeweza kurudi kwao akiamini kwamba vitu vitakatifu vya Waafrika vilikuwako zamani, vikachukuliwa, na kwamba sasa nchini hamna ila kioo kitupu. Angepita njiani, karibu na nyumbani kwao, mbele ya watu waliovaa kanzu nyeupe wakipiga ngoma chini ya bendera, asidhani hata kidogo kwamba jambo lile lahusiana na aliyoyaona.

Kibera ilikuwa msitu. Jina lenyewe limetokana na neno la Kinubi, kibra, ambalo maana yake ni msitu. Askari wa asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles walipewa makao pale mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo la zaidi ya ekari 4,000 lilitangazwa kuwa la jeshi. Kati ya ekari hizo, Wanubi walipata hati ya ekari 288 mwaka 2017, baada ya kuidai kwa miaka mingi sana. Naitaja habari hii ya ardhi kwa sababu vyombo vya sherehe vya Wanubi havieleweki bila yake. Mwenye kuingia katika nyumba ya Kinubi ataona ukutani makawa ya ukindu yaliyosukwa kwa rangi kali, nyekundu, manjano, zambarau na kijani; huitwa tabaga. Siku ya harusi hushushwa, hufunika sinia za chakula, hubebwa na wanawake wakiimba. Watu ambao kwa karibu miaka mia moja hawakuwa na karatasi ya kiwanja walibeba kwao katika usukaji. Siku hizi tabaga huuzwa kwa wageni pia, nao huzitundika hotelini. Sioni ubaya wa mama kupata riziki kwa mikono yake. Lakini kawa lisilofunika chakula cha mtu yeyote limekuwa ni duara la rangi tu, na mhakiki akiulizwa lipi kati ya hayo mawili ni zuri zaidi, asijibu kabla ya kuuliza nani anakula.

Wanubi ni Waislamu, nao wana misikiti yao, yenye kuta na milango. Tazama sasa wale wasio na kuta. Siku ya Jumapili, karibu na reli ya kwenda Kisumu inayopita katikati ya Kibera, utakuta kiwanja kidogo ambacho jana yake kiliuziwa makaa na mitumba. Mtu huja na bendera katika ufito mrefu, akaisimika. Mwingine huja na ngoma, akaiwamba vizuri kwa kuipasha joto juani. Viatu huvuliwa, duara hufanywa, na kuanzia hapo hakuna mtu akatizaye pale kati akielekea dukani, ijapokuwa hapana kamba wala ukuta wa kumzuia. Saa chache baadaye bendera hung'olewa, na kiwanja hurudi kwa wenye biashara.

Makanisa haya ya Waafrika wenyewe yana historia ndefu kuliko wanavyofikiri wale wanaoyacheka. Kanisa la African Israel Nineveh, linalojulikana kwa maandamano ya bendera na ngoma, lilianzishwa na Daudi Zakayo Kivuli huko magharibi mwa Kenya mwaka 1942. Legio Maria lilitokea Nyanza katika miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Watu walipohamia Nairobi kutafuta kazi, walikuja na bendera zao. Nchini kwao walikuwa na vilima na miti ya kuendea. Mjini hawakuwa na kitu, basi walikifanya mahali pao kuwa ni cha saa badala ya kuwa cha ardhi. Naona huu ni uvumbuzi mkubwa, na sijui kitabu cha shule kilichoupa ukurasa mmoja.

Katika vyombo vyote vya ibada hii, kinachonishangaza zaidi ni kile kinachotazamwa kidogo kabisa, nacho ni ile kanzu nyeupe. Wekeni kanzu hiyo katika kabati ya kioo, na karatasi itasema: kanzu, pamba, Nairobi. Hayo yote ni kweli, na hayasemi neno. Katika Kibera maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na katika kiangazi bei hupanda. Njia ni za udongo. Mvua ikinyesha matope hufika vifundoni, na mifereji ya maji machafu hupita mbele ya milango. Kijivu ndiyo rangi rahisi mahali kama pale. Nyeupe ni rangi ya gharama. Mwanamke anayetoka chumbani mwake saa mbili ya asubuhi akiwa mweupe tangu kilemba hadi kwenye ukingo wa kanzu, akaruka mfereji, akafika penye ngoma bila doa, amefanya sehemu kubwa ya ibada yake kabla ya wimbo wa kwanza. Amenunua maji ambayo angeyapikia; amefua Ijumaa au Jumamosi; amekesha akiomba mvua isinyeshe juu ya kamba ya nguo. Mtume au nabii wa kanisa lake amesema kuwa nyeupe ni usafi wa roho, lakini mahali penyewe pameongeza maana ambayo hakuna nabii aliyeihubiri. Ichukue kanzu ile uipeleke penye bomba la maji ya bure, na nusu ya maana itabaki Kibera.

Kawangware ina hali yake. Iko katika nchi ya Dagoretti, iliyokuwa ya Wakikuyu kabla ya mji kuwako, na karibu yake ndipo Waingereza walipojenga ngome yao ya kwanza katika sehemu hizo mwaka 1890. Leo mtaa huo umejaa watu wa makabila mengi, Waluhya hasa, na Jumapili zake zina kelele za makanisa ya kila namna. Miongoni mwao wamo Akorino, wenye vilemba vyeupe. Chanzo chao kilikuwa miongoni mwa Wakikuyu katika miaka ya 1920. Serikali ya kikoloni iliwaogopa watu waliosali msituni bila ruhusa ya misheni yoyote, na mwaka 1934 polisi waliwaua watatu wao katika msitu wa Ndarugu. Kwa hiyo kilemba kile kilipata kuwa sababu ya mtu kupigwa risasi. Mwanafunzi anayekaa dawati moja na mwenzake aliyefunga kilemba cheupe hana budi kulijua hilo kabla ya kufanya mzaha.

Mwaka 2020, si mbali na Kawangware, palitokea kisa kilichofaa kuandikiwa mchezo wa kuigiza. Barabara ya juu kwa juu ilikuwa ikijengwa kufika Waiyaki Way, na mugumo mkubwa uliokuwa umesimama pale kwa muda unaokisiwa kupita miaka mia moja ukawa katika njia yake. Mugumo ni mti ambao chini yake Wakikuyu wa zamani walitoa dhabihu ya mwana-kondoo wa rangi moja, huku wakielekea Kirinyaga. Watu walilalamika. Kwanza ikasemwa kwamba mti utahamishwa, na mwezi wa Novemba amri ya Rais ikatoka kwamba usiguswe. Wengi waliutetea kwa ajili ya kivuli na hewa. Wengine kwa ajili ya mila. Nadhani mti hauna haja ya kujua ni kwa hoja ipi uliokolewa. Ila yatupasa tulinganishe. Tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yaliingia Kibera kufungua barabara nyingine, na watu wanaokisiwa kuwa 30,000 wakapoteza makao. Hapakuwa na mugumo pale. Palikuwa na viwanja kama vile nilivyovieleza, na kiwanja ambacho utakatifu wake huanza saa tatu na kuisha saa nane hakina shina la kukumbatia. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 huhifadhi mahali palipotangazwa katika Gazeti la Serikali. Nani atatangaza saa?

Haifai mhakiki awe mpiga debe. Ibada hizi za mitaani zina kasoro, na baadhi yake ni kasoro za usanii. Vipaza sauti vimeingia, na kila mahali vilipoingia ngoma imeharibika. Ngoma ya ngozi ilikuwa na mpaka wake wa asili: ilisikika hadi pale ambapo watu wake walikaa. Kipaza sauti hakina mtaa. Makanisa matatu yakiwa katika uchochoro mmoja, kila moja likipandisha sauti ili kulishinda jirani, hakuna anayesikia wimbo, na mgonjwa aliye nyuma ya mabati hapati usingizi. Kanuni za mwaka 2009 za kuzuia kelele zipo, na katika jambo hili mimi niko upande wa kanuni. Tena kuna mabango ya plastiki yenye picha ya mhubiri, yaliyochapishwa kama matangazo ya sabuni. Bendera ya kitambaa iliyoshonwa kwa mkono, yenye msalaba uliopinda kidogo, ina haya. Bango lile halina.

Vile vigango navyo vinaendelea kurudi. Makumbusho ya Denver yalivirudisha 30 mwaka 2019, na mwaka 2023 vingine 37 vikaja kutoka makumbusho ya jimbo la Illinois. Vilinunuliwa na kutolewa zawadi mara nyingi hata majina ya wenyewe yakapotea njiani, na kigango kisicho na jina hakiwezi kupelekwa mlangoni mwa mtu. Wazee wa Mijikenda na watu wa makumbusho wana kazi ngumu mbele yao, kuamua kama visimamishwe katika kaya, ile misitu ya wazee iliyoandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, au vitunzwe ndani ya nyumba chini ya kufuli. Vimekwisha kutiwa dawa huko vilikotoka. Mchwa wa Kilifi hawatavila upesi.